Ngazi Inayoishia Milioni Moja

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi hapa Mwanza. Mwezi uliopita mshahara wangu ulipanda kutoka 1,050,000 hadi 1,200,000. Nilifurahi mpaka niliposoma slipi: katika ile 150,000 ya nyongeza, iliyoingia benki ni 74,750 tu. Mwenzangu ofisini ananiambia nimeingia kwenye asilimia 30, eti bora ningekataa hiyo nyongeza. Nikajiuliza, mkurugenzi wetu anakatwa kiasi gani? Mwenye nyumba wangu je? Kila mara tunasikia kodi ya kupanda kwa ngazi inapunguza pengo la tajiri na maskini. Mbona naona inatukamua sisi wa katikati? Naomba unifafanulie.

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nyongeza. Usiikatae. Na huyo mwenzako, kama naye ni mhasibu, mwambie nimemsalimia.

Tuifungue slipi yako kwanza, kwa sababu mengi yanayobishaniwa kuhusu kodi hii huanzia kwenye slipi iliyosomwa haraka. Umepoteza 75,250 katika nyongeza yako, lakini hazikwenda mahali pamoja. Elfu 15 zimekwenda NSSF, asilimia 10 yako ya kila mwezi. Hiyo ni akiba yako ya uzeeni, ingawa najua ukiwa na pango la kulipa uzee unaonekana uko mbali sana. Elfu 22 na mia 5 zimekwenda Bodi ya Mikopo, maana hesabu zako hazikamiliki bila ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo nakisia ulisoma chuo kwa mkopo. Hilo ni deni, wala si kodi. Kodi yenyewe, PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, imechukua 37,750.

Nayo haikukatwa kama mwenzako anavyodhani. Jedwali linalotumika Tanzania Bara tangu Julai 2021 liko hivi: 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Zinazofuata mpaka 520,000 zinatozwa asilimia 8. Kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20, kisha asilimia 25 hadi 1,000,000, na kila shilingi iliyo juu ya milioni moja inatozwa asilimia 30. Kila kipandio kinatoza shilingi zilizokikanyaga chenyewe. Zilizobaki chini hazirudiwi. Ukishaondoa NSSF, kipato chako kinachotozwa kodi kilikuwa 945,000, sasa ni 1,080,000. Shilingi 55,000 za nyongeza zilikuwa bado kwenye kipandio cha asilimia 25. Zilizovuka kwenda asilimia 30 ni 80,000 tu. Kwa hiyo huko "kuingia asilimia 30" kumekugharimu, ukilinganisha na kama kipandio hicho kisingekuwepo, shilingi 4,000. Bei ya soda chache.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza za mishahara, na nimewaona watu wazima, wenye shahada, wakikataa cheo kwa hofu hii. Hakuna mahali kwenye jedwali hili ambapo kupanda mshahara kunakushusha kipato.

Sasa mkurugenzi. Simjui analipwa ngapi, tuseme milioni 15. Akitoa NSSF anabaki na 13,500,000 za kutozwa kodi, na PAYE yake inakuwa 3,878,000. Gawanya: analipa kama asilimia 28.7 ya kipato hicho. Wewe unalipa 152,000 katika 1,080,000, yaani asilimia 14. Kama pale getini mna mlinzi wa mshahara wa 400,000, yeye anakatwa 7,200, ambayo ni asilimia 2. Kwa kipimo hicho ngazi inafanya kazi iliyowekewa: mlinzi mbili, wewe kumi na nne, mkubwa karibu ishirini na tisa. Anayesema PAYE haina haki yoyote ndani yake hajafanya hesabu hii.

Lakini itazame ngazi yenyewe ilivyojengwa. Inaanza 270,000 na inaishia 1,000,000. Vipandio vyote vimebanwa ndani ya laki saba na elfu thelathini, na juu ya hapo ni sakafu tambarare hadi mawinguni. Wewe uliyekanyaga milioni moja juzi na yeye wa milioni 15, kila mmoja akiongezwa shilingi mia, anatoa thelathini. Muuguzi mwandamizi, fundi mkuu wa kiwandani, mkurugenzi wa benki: wote daraja moja. Kwa hiyo malalamiko yako kwamba ngazi inawabana wa katikati yana msingi, ingawa sababu si ile aliyokupa mwenzako. Mpandio ni mkali kwa mtu anayetoka laki tano kwenda milioni, halafu ukivuka hapo unakwisha.

Kuna jambo jingine linaloongeza ukali huo kimyakimya. Mipaka hiyo iliwekwa mwaka 2020, wakati kiwango kisichotozwa kodi kilipotoka 170,000 kwenda 270,000. Mwaka uliofuata kilichobadilika ni kipandio cha kwanza tu, kutoka asilimia 9 kuwa 8. Mishahara na bei havikusubiri. Kima cha chini cha serikali kilikuwa 370,000 kuanzia 2022, na Julai 2025 kikawa 500,000. Mtumishi wa 370,000, akishachangia asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, alikuwa akilipa PAYE ya 6,520. Kwa 500,000 analipa 16,400. Mshahara umepanda kwa asilimia 35, kodi imepanda mara mbili na nusu. Hakuna waziri aliyesimama bungeni kutangaza ongezeko hilo la kodi. Ukiiacha mipaka isimame huku fedha ikipungua nguvu, kila mwaka inasukuma watu wengine zaidi kupanda juu bila wao kuwa matajiri.

Wakenya wamejaribu kurefusha ngazi yao. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza vipandio viwili: asilimia 32.5 kwa kinachozidi shilingi 500,000 za Kenya kwa mwezi, na asilimia 35 kwa kinachozidi 800,000. Vipandio hivyo vinawahusu wachache, na hapo ndipo wapinzani wa kodi za juu wanapopata hoja yao nzuri: wenye mishahara ya namna hiyo wanahesabika, wana wanasheria, na baadhi yao wanaweza kugeuza mshahara kuwa malipo ya kampuni ya ushauri waliyoisajili wenyewe. Wakati huohuo Wakenya wa kawaida waliongezewa makato yasiyo na ngazi: asilimia 1.5 ya ujenzi wa nyumba nafuu, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya. Mwenye elfu 30 na mwenye milioni wanakatwa asilimia ileile. Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi fulani "imewatoza matajiri", soma na ukurasa wa pili wa slipi.

Sisi wenyewe tuliwahi kwenda mbali kuliko Wakenya. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na mojawapo ya manung'uniko yao ilikuwa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakiwa huko. Mwalimu Nyerere alikasirika mno, akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Kodi ya mapato ikapandishwa hadi kipandio cha juu kikafika asilimia 95. Kwa hesabu alizozitoa Mwalimu mwaka 1977, tofauti ya mshahara wa juu na wa chini serikalini, baada ya kodi, ilikuwa mara 50 wakati wa uhuru na ilishuka mpaka kama mara 9. Ni mafanikio makubwa, nami siyabezi. Ila asilimia 95 maana yake mkubwa akiongezwa shilingi mia anabaki na tano. Nani atapigania mshahara hapo? Watu walipigania nyumba ya kazini, gari, dereva, safari na posho, vitu ambavyo ngazi haikuvifikia. Kuanzia miaka ya themanini viwango vikashushwa hadi kufikia hii asilimia 30 ya leo, lakini ule mchezo wa marupurupu haukuondoka navyo. Tumebaki nao.

Kitu ambacho watu husahau kuhusu Azimio ni kwamba halikutegemea ngazi ya mishahara peke yake. Miiko ya uongozi ilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Unaweza kuiona miiko ile kuwa ya kupitiliza, na mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala chenyewe, CCM, kiliilegeza. Lakini walioiandika walijua utajiri unakaa wapi. Unakaa kwenye hisa, nyumba na viwanja, na mara chache sana utaukuta kwenye slipi.

Nikujibu sasa kuhusu mwenye nyumba wako, maana hilo ndilo swali lako zuri kuliko yote.

Tuseme ana vyumba na fremu zinazomletea milioni mbili kwa mwezi. Kodi inayotozwa pato la pango kwa mtu binafsi ni asilimia 10, basi. Laki mbili, na hiyo ni pale anapoitoa. Mfanyakazi ambaye kipato chake cha kutozwa kodi ni milioni mbili hiyohiyo anakatwa 428,000 kabla hajaiona fedha. Mwenye nyumba atakujibu kwamba kumi yake inakatwa kwenye pato zima, hakuna anayempunguzia gharama ya bati wala ya kuzibua choo. Ni kweli. Hata hivyo akiongeza nyumba ya pili, ya tano, ya ishirini, bado ni kumi. Hakuna kipandio. Riba ya akiba benki nayo inakatwa kumi. Gawio, yaani mgawo wa faida kwa wenye hisa, likitoka kwa kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa linakatwa tano. Riba ya hatifungani za muda mrefu za Serikali, yaani hati za kuikopesha, haikatwi kabisa.

Kwenye gawio lazima niseme upande wa pili, maana wengi hulipotosha. Kampuni yenyewe imeshalipa asilimia 30 ya faida. Katika shilingi mia ya faida, sabini zinabaki. Ukikata tano kwa mia ya hizo sabini, mwenye hisa anapata 66.5. Hapo mzigo mzima ni 33.5, unaozidi wako. Hatifungani nazo zina sababu yake: Serikali inataka kukopa kwa bei nafuu, na hata mwalimu akijikusanya milioni moja anaweza kununua. Pango halina utetezi wa namna hiyo. Kumi ni kumi kwa sababu ni rahisi kukusanya, na kwa sababu, nisamehe kwa kukisia hivi, wengi wa wanaopitisha sheria za kodi wana nyumba za kupangisha.

Kodi ya majengo ndiyo inayonikera zaidi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na 2023 ikawa 1,500. Ya ghorofa ikatoka 5,000 kwa kila sakafu kwenda 7,500. Ukusanyaji umekuwa rahisi ajabu, hilo nakubali. Lakini nyumba ya chini yenye bustani na bwawa Masaki inalipa 1,500, na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha Tandale inalipa 1,500. Na anayeilipa nani? Aliyenunua umeme. Wewe mpangaji. Kodi ya mali ya mtu mwingine inakatwa kwako usiye na mali hiyo, na kwa kiwango kimoja, mali iwe ya milioni kumi au ya bilioni mbili. Mababu zetu waliijua kodi ya aina hii: Wajerumani waliileta kodi ya kibanda mwaka 1897, baadaye ikaja kodi ya kichwa, na masalia yake, kodi ya maendeleo, yalifutwa 2003. Wazee waliolala porini kuwakimbia watoza kodi hawakuwa na neno la kitaalamu la kuieleza kodi isiyo na ngazi, ila walijua inamwuma nani.

Mwenzako atasema, basi wafanyabiashara ndio wanaopona. Hapana, hapo aende polepole. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya milioni 11 na 100 kwa mwaka anayetunza kumbukumbu hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Ya mauzo, si ya faida. Chukua duka la jumla lenye mauzo ya milioni 60: kodi ni milioni 2.1. Kama faida yake ni asilimia 20, yaani milioni 12, huyo ni sawa na mfanyakazi wa milioni moja kwa mwezi, ambaye angelipa PAYE ya 1,536,000 kwa mwaka. Mwenye duka amelipa zaidi! Na kama anauza unga na sukari kwa faida ya asilimia 5, faida ni milioni 3, na kodi imekula asilimia 70 yake. Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, madai yao mengi yalihusu namna kodi inavyokadiriwa na kukusanywa. Kodi ya mauzo haina ngazi ya kipato hata kidogo. Inampendelea mwenye faida nono na kumwumiza mwenye faida nyembamba. Halafu watu tunashangaa kwa nini risiti za EFD, zile mashine za kodi, zinaandikwa nusu ya bei.

Nimeacha makusudi kodi ambayo haiko kwenye slipi ya mtu. Yule mlinzi tuliyemtaja anakatwa PAYE ya 7,200. Akinunua kwa mwezi sabuni, nguo, sukari, daftari na vitu vingine vyenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa jumla ya 200,000, ndani ya bei hizo kuna VAT ya kama 30,500. Mara nne ya PAYE yake. Vocha ya simu ina VAT na ushuru wa bidhaa juu yake, na nauli ya daladala imebeba tozo za mafuta. Vyakula visivyosindikwa vimesamehewa VAT, na msamaha huo unamsaidia kweli. Lakini yeye anatumia mshahara wote. Mkurugenzi anatumia sehemu, nyingine ananunulia hatifungani. Mlinzi analipa asilimia 2 kwenye karatasi, na dukani analipa nyingi zaidi ya hizo. Zile tozo za miamala za Julai 2021, kutoka shilingi 10 hadi 10,000, zilileta kelele nchi nzima kwa sababu hiyohiyo. Zilipangwa kwa vipandio, zikaonekana kama kodi ya ngazi, lakini zilipima fedha inayopita. Mama anayetumiwa na wanawe watatu hela za dawa hakuwa na kipato chochote cha kupimwa. Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye tena.

Je, kodi ya ngazi inapunguza pengo? Inapunguza, kwa kiasi. Wataalamu hupima pengo kwa kipimo cha Gini: sifuri maana yake wote tuko sawa, moja maana yake mmoja anakula chote. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2018, Tanzania tuko karibu 0.4. Afrika Kusini walikuwa na 0.63 mwaka 2014, miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa kabisa duniani, na wana kipandio cha juu cha asilimia 45 tangu 2017. Ngazi ndefu juu ya ardhi na migodi iliyogawanywa kwa rangi ya ngozi kwa vizazi kadhaa haiwezi kufuta ugawaji ule. Denmaki wana pengo dogo sana, lakini VAT yao ni asilimia 25, kubwa kuliko yetu ya 18. Wanachofanya ni kwamba hela inarudi: shule, hospitali, matunzo ya watoto na wazee, kwa kila mtu. Ndiyo maana mjadala wa asilimia ngapi peke yake huwa haunivutii. Mlinzi akilipa VAT ya elfu thelathini na mtoto wake akapata dawati na mwalimu wa hisabati, amepata zaidi ya alichotoa.

Ungeniuliza mimi nibadilishe nini, nisingeanza na kupandisha asilimia 30. Ningeisogeza mipaka yote juu, asilimia 30 isianze milioni moja, na ningeweka sheria kwamba isogezwe kila baada ya miaka michache kufuata bei. Kisha kipandio kimoja zaidi kwa mishahara mikubwa mno, kikiwa na asilimia 35, nikijua hakitaleta fedha nyingi. Fedha iko kwenye pango na majengo: nyumba ya kwanza ya mtu itozwe kidogo au isitozwe kabisa, ya pili na kuendelea ipande, na thamani itazamwe. Ndiyo, kuthamini nyumba moja moja ni kazi ngumu na ina mianya ya rushwa. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na utaratibu wa kuthamini kabla ya kiwango kimoja kuonekana rahisi zaidi. Ngumu kuliko LUKU, bila shaka. Lakini ukiikimbia kazi hiyo, ngazi itaendelea kusimama mahali pamoja, kwenye slipi ya mtu aliyeajiriwa.

Kwako wewe, mambo mawili ya kufanya wiki hii. Mwulize mtu wa mishahara salio lako la Bodi ya Mikopo, kwa sababu nimeona makato yakiendelea miezi kadhaa baada ya deni kuisha. Kisha fungua simu, tafuta ujumbe wa LUKU wa mwaka mzima, na ujumlishe kodi ya jengo. Kama mita ni yako peke yako, itakuwa 18,000. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, na mpangaji aliyemlipia anaruhusiwa kudai arudishiwe. Mpelekee kwa heshima siku ya kulipa pango, jumla ikiwa umeiandika kwenye karatasi.